Kapu la Krismasi nililompelekea mama

SEHEMU YA 1

Leo nimetoka zamu ya usiku, nimelala masaa matatu tu, lakini hili nimesema lazima niliandike kabla hamjaanza kupanga foleni madukani. Litakuwa na sehemu nne. Mwenye haraka aende ya nne, huko ndiko kwenye maelekezo. Mwenye muda aanze hapa, maana maelekezo bila kisa huwa tunayasahau.

Kama umenifuata kwa muda unajua mimi ni muuguzi, nina stashahada, niko wodi ya magonjwa ya ndani hapa Dar es Salaam. Kila siku nafundisha watu kula. Mwenye kisukari namfundisha, mwenye presha namfundisha, na ndugu zao nawafundisha. Sasa leo nakusimulia jinsi mimi huyo huyo, kwa mikono yangu na kwa hela yangu, nilivyomlaza mama yangu hospitali kwa zawadi ya Krismasi.

Ilikuwa Desemba 2018. Krismasi tatu mfululizo nilikuwa kazini. Mnaofanya kazi za zamu mnajua inavyokuwa, wenye watoto wadogo wanapewa ruhusa kwanza, sisi tusio na familia tunabaki na wagonjwa. Kwa hiyo mwaka ule nilipopewa likizo nikasema safari hii naingia nyumbani Rombo kwa kishindo.

Kwa asiyejua, kwetu Uchagani Desemba siyo mwezi wa kawaida. Barabara ya Dar kwenda Moshi inajaa magari usiku na mchana, tiketi za basi zinagombaniwa, na kila kihamba kinasubiri watoto wake. Ndizi zimeshakatwa, mbege imeshapikwa, mbuzi kafungwa nyuma ya nyumba. Na majirani wanahesabu. Hawasemi kitu, ila wanahesabu: mtoto wa fulani kaja na gari, mtoto wa fulani kaja na nini?

Basi nikaingia supamaketi. Mlangoni yamepangwa makapu ya sikukuu, yamefungwa kwa nailoni inayong'aa na utepe mwekundu. Nikachukua kubwa. Ndani kulikuwa na bati la biskuti za siagi, keki ya matunda, jamu, chokoleti, makopo mawili ya soseji, na maboksi sita ya juisi ya embe, lita moja moja. Laki moja na elfu arobaini. Mshahara wa nesi mnaujua, sisemi zaidi.

Wakati nalipa kuna kitu kikaniambia moyoni, wewe, mama ana kisukari. Na kweli anacho tangu 2013. Anameza metformin na glibenclamide, na mimi ndiye ninayemnunulia na kumtumia. Nikajijibu kwamba Krismasi ni siku moja tu. Yaani sentensi ile ile ambayo wagonjwa wangu wananiambia kila Januari, na mimi nawatazama kwa jicho kali!

Kuna jambo lingine ambalo inabidi ulijue. Novemba ile mama alikuwa amenipigia simu. Tukaongea habari za mvua, kahawa, msiba wa jirani. Mwishoni kabisa akaniuliza, "Hivi huko Dar dagaa wa Kigoma bado wanapatikana?" Nikamwambia wapo tele mama, Kariakoo wamejaa. Akasema, "Haya." Tukaagana. Shika hilo swali, tutalirudia.

Kapu nililipakata magotini kutoka Ubungo. Konda alitaka kuliweka kwenye buti na mizigo mingine, nikakataa, litapondeka. Wenzangu pale Segera wananunua machungwa dirishani, mimi mikono imejaa. Himo nikashuka, nikapanda Noah ya Rombo, kapu bado liko magotini. Nilipofika nyumbani mama alipiga vigelegele, akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya meza ya sebuleni. Siku mbili halikufunguliwa. Kila mgeni aliyeingia alionyeshwa: "Hili kaleta yule wa Dar, yule nesi." Nakiri mbele yenu kwamba nilifurahi. Ndicho nilichokuwa nimekinunua.

Usiku wa tarehe 24 mama akafungua. Biskuti akawagawia wajukuu. Akachukua boksi moja la juisi, akaligeuza geuza, halafu akaniletea jikoni karibu na taa.

"Mwanangu, hii naruhusiwa?"

Nilikuwa namenya ndizi za mtori, nimechoka, mikono imejaa utomvu. Nikatupa jicho. Boksi limeandikwa kwa Kiingereza kwamba haikuongezwa sukari. Nikamwambia, "Hawajaongeza sukari mama, ni embe tupu. Wewe kunywa tu."

Akaitikia. Nikaendelea na ndizi zangu.

SEHEMU YA 2

Tarehe 28 nikarudi Dar, tarehe 30 nikaingia kazini. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Januari, kama saa nane hivi, niko kitanda namba tisa nampima mgonjwa sukari, simu ikatetemeka mfukoni. Kaka yangu. Simu ya saa nane usiku kutoka nyumbani hata hujaipokea miguu inaisha nguvu.

"Mdogo wangu, mama hajielewi. Anamwita mke wangu kwa jina lako. Tumemleta hospitali, wamempima sukari, ila nadhani mashine yao mbovu."

"Inasoma ngapi?"

"Haisomi namba. Imeandika herufi mbili tu, H na I. Yaani kama inasalimia."

Wapendwa, mashine ilikuwa nzima. Mashine nyingi za kupimia sukari zikifika kama 33 zinaacha kuhesabu, zinaandika hivyo, maana yake ni juu sana, kupita uwezo wangu. Mtu mwenye kisukari tunapenda kabla ya kula awe kati ya 4 na 7. Nikakaa kwenye stuli ya mgonjwa. Mgonjwa wangu, mzee wa watu, ndiye aliyenishika mkono akaniuliza, "Sista, kuna nini?"

Inchaji wangu alinipa siku nne. Asubuhi nikapanda basi, mikono mitupu.

Niache kidogo nikueleze nini kilikuwa kimetokea ndani ya mwili wa mama, maana wengi mnadhani sukari ikipanda mtu anaanguka pale pale. Sivyo. Sukari ikizidi kwenye damu, figo zinajaribu kuitoa kwa njia ya mkojo, na sukari haitoki peke yake, inavuta maji. Mtu anakojoa sana, anakauka, anashikwa na kiu kali. Sasa ukimpa maji, afadhali. Lakini mama alikuwa anaituliza kiu kwa juisi. Juisi inaongeza sukari, sukari inaongeza mkojo, mkojo unaongeza kiu, kiu inarudi kwenye juisi. Hivyo hivyo siku baada ya siku, mpaka damu inakuwa nzito na ubongo unaanza kuchanganyikiwa. Ndiyo maana wifi alimwona anakwenda choo cha nje mara tano usiku mmoja, akafikiri ni baridi ya mlimani.

Daktari alinieleza kwa haki kwamba haikuwa juisi peke yake. Kulikuwa na sherehe ya wiki nzima, keki, na mbege ya hapa na pale. Vidonge aliruka siku mbili kwa sababu ya wageni. Na walipopima mkojo wakakuta na maambukizi, ambayo nayo hupandisha sukari. Nikamshukuru. Lakini wewe ungekuwa mimi ungeshika kipi? Nilishika juisi.

Dripu ziliingia, insulini ikaingia kidogo kidogo. Siku ya pili mama alifumbua macho akanitazama vizuri, akaniita jina langu, na safari hii alikuwa anamwita mwenyewe. Nililia kama mtoto, sare sina, cheo sina, ni ndugu wa mgonjwa tu kama wale ninaowafukuza muda wa kuona wagonjwa ukiisha.

Baadaye nikamuuliza pole pole, mama, juisi ulikunywa kiasi gani?

"Yote," akasema. "Niliiweka chumbani watoto wasiimalize. Nilikuwa nasikia kiu. Na wewe ulisema ninywe."

Alisema bila kulaumu, na hapo ndipo paliponiuma. Mimi nikiongea wodini nasema kwa uangalifu, napima maneno. Nikiwa nyumbani nasema kama mtoto wa nyumbani. Lakini mama hakusikia mtoto wa nyumbani. Alisikia nesi. Huko kijijini ukishasoma uuguzi hata ukisema "kunywa tu" mdomo ukiwa umejaa ndizi, hiyo ni dozi.

Na keki je? Akacheka kidogo. "Keki haikuwa tamu sana. Ila kaka yako aliniambia uliipakata magotini kutoka Dar. Nitaiachaje?"

Ndipo nikamuuliza swali ambalo ningeuliza mwanzoni. Nikasema, mama, mwaka ule ulitamani nikuletee nini hasa?

Akanishangaa. "Si nilikuuliza dagaa?"

SEHEMU YA 3

Nilikaa na hilo jibu muda mrefu. Dagaa wa Kigoma kilo mbili. Ningenunua, chenji ikabaki, na hata konda angeziweka kwenye buti nisigombane naye.

Nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilishawahi kupewa zawadi ya chakula ya aina nyingine kabisa. Ilikuwa Krismasi 2016, moja ya zile tatu nilizokaa kazini. Wodi imejaa, tuko wauguzi wawili. Siku hizo nilikuwa na vidonda vya tumbo vinanisumbua, ila sikumwambia mtu, ukisema unaumwa sikukuu wanakuona unatafuta ruhusa. Mchana uongozi ulituletea pilau na soda. Pilau yenyewe ina pilipili, soda ndiyo kabisa, inachoma. Nikasingizia nimeshiba, nikaendelea kugawa dawa.

Kulikuwa na bibi mmoja anamuuguza binti yake, ana wiki ya pili anakaa nje kwenye mkeka, usiku tunamruhusu aingie kumgeuza mgonjwa. Hatukuwa na mazoea, ni salamu tu. Kama saa nne usiku akaja kwenye meza yetu na chupa ya chai. Akamimina kikombe, kumbe ni uji wa ulezi.

"Kunywa, mwanangu. Sijaweka ndimu. Nimekuona tangu juzi unashika hapa," akajigusa chini ya kifua, "na leo pilau ya wenzio umeikataa."

Jamani, nina wagonjwa zaidi ya 30 ninaowatazama, na katika wote hao na ndugu zao, ni bibi mmoja tu wa mkekani aliyenitazama mimi. Ule uji sijui kama ulimgharimu hata elfu moja. Miaka imepita, zawadi nyingine zote za Krismasi za miaka ile siwezi kukutajia hata moja, lakini uji ule nakumbuka mpaka moto wake kwenye vidole.

Sasa linganisha. Bibi yule alinitazama siku mbili ndipo akapika. Mimi nilimjua mama miaka thelathini, na niliponunua nilikuwa natazama majirani.

Huko wodini naona mambo haya kila Desemba. Vikundi vya kanisa na vya kazini vinakuja na makapu: sabuni, juisi, biskuti, matunda. Nawaheshimu sana, kuna mgonjwa ambaye hana mtu, mgeni wake pekee mwezi mzima ni hao. Lakini wengine wanagawa kitanda kwa kitanda kitu kimoja kwa wote. Kitanda cha kwanza kisukari, cha pili kesho anaingia theatre ameambiwa asile, cha tatu figo. Tunazunguka nyuma yao kama watu wa kukusanya madeni, tukichukua juisi hapa, ndizi pale, na mgonjwa anatuona wabaya.

Mwaka mmoja tulimkuta baba wa figo, anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki, anamalizia dafu la pili, na pembeni ana chana la ndizi. Ndugu yake kaja na gari kutoka mbali, kwa mapenzi kabisa. Kwako wewe dafu ni afya. Kwa mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi, madini ya potasiamu yaliyomo kwenye madafu, ndizi, machungwa, parachichi na nyanya yanabaki kwenye damu, na yakizidi yanavuruga mapigo ya moyo, hata kuusimamisha. Tuliwahi, akapata huduma. Lakini uso wa yule ndugu tulipomweleza, niliujua. Ulikuwa ni uso wangu kwenye lile basi la Januari.

SEHEMU YA 4

Haya, sasa maelekezo niliyoahidi. Siyo kwamba usitoe chakula. Toa! Krismasi bila kupelekeana chakula siyo Krismasi. Ila fanya hivi.

1. Anza kusikiliza Novemba. Wazazi wetu hawaombi, wanauliza. "Hivi huko kuna dagaa?" "Hivi maharage ya huko bei gani?" "Yule mama aliyekuwa anauza karanga yupo?" Hayo ndiyo maombi. Yaandike kwenye simu.

2. Uliza anameza dawa gani. Usione aibu, ni mzazi wako. Kama hakumbuki majina, mwambie wifi au mdogo wako apige picha pakiti, umwonyeshe mhudumu wa afya.

3. Kwa mwenye kisukari, "haijaongezwa sukari" haimaanishi haina sukari. Lita moja ya juisi halisi ya matunda ina karibu gramu 100 za sukari, hiyo ni kama vijiko 25 vya chai. Embe lenyewe nusu atakula na nyuzi zake, atatosheka. Juisi anakunywa maembe manne bila kujua. Mpelekee dagaa, samaki, maharage, kunde, karanga, mtindi usiotiwa sukari, mboga. Na kwenye kapu weka vile vipimo vya mashine yake ya sukari. Ni ghali, na wengi wana mashine kabatini lakini vipimo viliisha zamani.

4. Hapo hapo kwenye kisukari, angalia saa ya chakula. Sikukuu mtu anameza kidonge asubuhi, anakwenda ibadani, pilau inaiva saa tisa alasiri. Anayetumia glibenclamide au insulini akikaa hivyo na njaa, sukari inaweza kushuka vibaya. Ukiona anatoka jasho, anatetemeka, anaongea visivyo, na bado anaweza kumeza, mpe nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida yenye sukari, halafu chakula, na apimwe. Umeona maajabu? Ile ile iliyomlaza mama yangu, hapa ndiyo dawa. Akiwa hajielewi kabisa usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

5. Kwa mwenye presha, adui amejificha kwenye chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na hapo ni pamoja na iliyomo ndani ya vyakula. Soseji, nyama za kopo, krisps na vile vipande vya kuungia mchuzi vimejaa chumvi. Badala yake weka tangawizi, kitunguu saumu, binzari, iliki, ndimu. Jikoni patanukia sikukuu kuliko supamaketi.

6. Kwa mwenye figo usipeleke tunda wala dafu kabla hujamuuliza yeye au kliniki yake. Mpelekee nauli. Kusafishwa damu kunakula nauli kuliko unavyodhani.

7. Nyumba yenye mtoto mchanga: chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, na asali asipewe mpaka atimize mwaka, inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kupambana navyo. Mbembeleze mama yake. Nyama ya mtori, mayai, mboga. Akishiba mama, na mtoto amekula.

8. Karanga, mahindi na unga, kagua kabla hujafunga. Chenye ukungu au harufu ya uvundo usimpe mtu, wala kuku. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Kukaanga au kupika hakuimalizi.

9. Ukipeleka chakula kilichopikwa, kifike cha moto. Pilau ikikaa nje zaidi ya masaa mawili kwenye joto la Dar, kuna vijidudu kwenye wali vinavyostahimili hata kuchemshwa, vinaamka. Tarehe 26 tunapokea wengi wanaoharisha na kutapika, na nusu yao wanasema "nilikula kiporo cha jirani tu".

10. Hospitalini, kabla hujagawa, pita kwa nesi wa zamu. Dakika mbili. Tutakuambia kitanda kipi kinahitaji uji, kipi sabuni, kipi mtu wa kuongea naye tu.

11. Kuna nyumba ambayo haina chakula kabisa. Hapo usianze kuhubiri. Peleka mchele, unga, maharage, mafuta. Na tafadhali usirekodi. Mtoto wa nyumba ile anasoma shule na wenzie wenye simu. Na kama una uwezo wa kapu moja tu, fikiria kulipeleka tarehe 5 Januari, wakati ada na sare za shule zimeshakomba kila kitu. Desemba watu wanakumbukana. Januari kila mtu yuko kwake.

Sasa nimalizie ya mama.

Desemba 2019 nilirudi tena Rombo. Safari hii nilinunua kapu la ukindu sokoni, tupu. Nikatia dagaa wa Kigoma kilo mbili, karanga nilizochagua moja moja, iliki, binzari, pakiti mbili za vipimo vya sukari na kandambili laini za ndani asikanyage chini kwa miguu mitupu, maana mwenye kisukari kidonda cha mguu ni kesi nyingine. Hakuna nailoni, hakuna utepe. Likapanda kwenye buti ya basi, harufu yake mpaka konda akalalamika.

Mama hakupiga vigelegele. Alifungua, akachukua kiganja cha dagaa, akanusa, akakaa kimya. Halafu akasema, "Hawa baba yenu aliwapenda." Baba alifariki 2011. Sikujua. Yaani miaka yote hiyo sikujua kwamba swali lile la Novemba halikuwa la dagaa tu.

Jioni ile nusu ya dagaa alishagawa kwa majirani. Wale wale wanaohesabu. Mmoja akaja kesho yake na yai la kienyeji na kuuliza kama nitaleta tena mwakani.

Mama yupo, ana miaka 71, sukari yake inapanda na kushuka kama ya mtu yeyote anayeishi nayo. Ile mashine iliyomsalimia imekuwa utani wa ukoo, kaka akitaka kunichokoza ananiandikia herufi mbili tu, H na I.

Juzi Jumapili nimempigia. Tumeongea mvua, kahawa, bei ya mbolea. Karibu ya kuagana akaniuliza, "Hivi mchele wa Kyela huko Dar umepanda bei?"

Nimeandika kwenye simu pale pale. Najua unawaza nini, mchele na kisukari? Nitambebea kilo mbili. Na kikombe kidogo cha kupimia, na maharage ya kuupunguza. Tutapika pamoja, nitampakulia mimi mwenyewe.

Wewe je, mzazi wako amekuuliza nini mwezi huu?

Krismasi njema, wapendwa. Naingia zamu saa mbili usiku.

Sista wenu.